Vibati vya Duka la Ushirika katika Vijiji vya Wachimba Makaa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na mara nyingi twaieleza kama wasia kwa mfanya biashara peke yake, kwamba aandike anachouza na anachokopesha. Lakini methali yenyewe haisemi daftari hilo liwe mikononi mwa nani. Mtu aweza kuandikiwa kila senti yake kwa uangalifu mkubwa, na mali yake ikapotea vilevile, kwa kuwa mwandishi wa daftari ndiye anayeila.

Katika makala haya nakusudia kulifuata swali hilo mahali ambapo lilikuwa jambo la kushiba au kulala njaa, yaani vijiji vya wachimbaji wa makaa ya mawe vya kusini mwa Wales, nchini Uingereza. Chombo cha kutuongoza ni kidogo sana. Ni kipande cha bati, cha shaba au cha alumini, chenye ukubwa wa sarafu, kilichopigwa chapa ya jina la aliyekitoa na kiasi cha thamani yake. Siku hizi wengi wetu twalijua neno tokeni kwa sababu ya umeme wa kulipia kabla. Hapa nitakiita kibati, kwa kuwa ndivyo kilivyokuwa. Mwishoni nitarejea kwenye maneno mawili matatu ya Kiswahili ambayo yanahusiana na habari hii kuliko tunavyodhani.

Kibati cha kampuni

Mwisho wa karne ya 18 serikali ya Uingereza ilikuwa haitoi sarafu ndogo za kutosha. Viwanda na migodi ilikuwa na maelfu ya watu wa kulipwa, na peni za kuwalipa hazikupatikana. Mwaka 1787 kampuni ya mgodi wa shaba wa Parys, katika kisiwa cha Anglesey huko kaskazini mwa Wales, ilianza kupiga peni zake yenyewe. Zilikuwa nzito na za shaba nzuri, na watu walizipokea bila wasiwasi. Kampuni nyingine zikafuata mfano huo, mpaka sheria ya mwaka 1817 ilipopiga marufuku sarafu za watu binafsi.

Basi kibati hakikuzaliwa kama hila. Kilizaliwa kwa haja ya kweli. Hila ilikuja pale mwajiri alipokuwa pia ndiye mwenye duka. Katika mabonde ya kusini mwa Wales kampuni za chuma zilimiliki migodi ya makaa, nyumba za wafanyakazi, na mara nyingi duka la pekee lililo karibu. Mshahara ulicheleweshwa kwa mwezi mzima au zaidi. Aliyeishiwa kabla ya siku hiyo, na karibu kila mtu aliishiwa, alipewa cheti au kibati cha kuchukulia vitu dukani, na siku ya malipo kampuni ilikata deni lake kwanza. Bei za duka hilo zilikuwa juu kuliko za sokoni. Unga ulikuwa hafifu, na aliyelalamika aliambiwa aende kwingine, naye hakuwa na fedha ya kwenda nayo kwingine.

Twasema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa mchimbaji wa makaa harusi haikuwapo tangu mwanzo, kwa maana alikopa unga wa kula ili apate nguvu ya kushuka shimoni. Deni nalo lilimfunga asiweze kuhama. Kibati chake kilikuwa na thamani mlango mmoja tu, na mwenye mlango huo ndiye yule yule aliyepima kazi yake na kupanga ujira wake.

Mwezi wa Juni mwaka 1831 wafanyakazi wa Merthyr Tydfil na vijiji jirani waliinuka. Hasira yao ilikuwa juu ya mishahara iliyopunguzwa na juu ya mahakama ya madeni iliyonyang'anya watu vyombo vyao vya nyumbani. Walivitwaa vyombo hivyo wakavirudisha kwa wenyewe. Askari waliitwa, watu wengi wakapigwa risasi, na tarehe 13 Agosti kijana mchimbaji Richard Lewis, ajulikanaye zaidi kwa jina la Dic Penderyn, akanyongwa mjini Cardiff. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iliyoamuru kwamba mishahara katika kazi kama za migodi na chuma ilipwe kwa fedha halali ya nchi.

Sheria ilikuwa njema, lakini hila ilipata mlango mwingine. Mfanyakazi alilipwa fedha taslimu kama sheria ilivyotaka, kisha akatarajiwa kuipeleka dukani siku ileile. Na asiyeonekana dukani alijua kwamba huenda kesho asipate kazi. Mnamo mwaka 1871, miaka 40 baada ya sheria kupita, tume ya serikali ilikuwa ingali ikichunguza maduka ya namna hiyo. Ni dhahiri kwamba kuyakataza hakukutosha. Palihitajika duka jingine.

Duka lenye wenyewe wengi

Duka hilo jingine halikubuniwa na wachimba makaa. Lilitoka katika mji wa wafumaji nguo, Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Tarehe 21 Desemba 1844 watu 28, ambao kila mmoja wao alikuwa ametoa pauni moja kidogo kidogo, walifungua chumba katika mtaa wa Toad Lane wakauza siagi, sukari, unga, shayiri na mishumaa. Wenye maduka wa mjini waliwacheka. Lakini watu hao walikuwa na kanuni zilizofikiriwa vizuri. Waliuza kwa fedha taslimu, bila mkopo. Bidhaa zilikuwa safi na mizani ilikuwa kamili, wakati ambapo ilikuwa kawaida mkate kutiwa shabu na unga kuongezwa chaki. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa moja au hamsini. Na faida iliyobaki iligawiwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja, si kwa kadiri ya mtaji wake.

Kanuni hii ya mwisho ndiyo iliyobadili mambo. Katika duka la kawaida kadiri unavyonunua ndivyo unavyomtajirisha mwenye duka. Hapa kadiri mama alivyonunua unga kwa ajili ya wanawe ndivyo alivyojiwekea akiba, bila kujinyima tonge hata moja.

Habari za Rochdale zilienea upesi. Sheria ya mwaka 1852 ilivipa vyama hivyo msimamo wa kisheria, na ile ya mwaka 1862 ikaviruhusu kuunganisha mitaji yao, hata mwaka uliofuata vikaanzisha huko Manchester chama kikubwa cha kununua bidhaa kwa jumla. Katika Wales, chama cha kwanza kilichofuata mfano wa Rochdale kilianzishwa mwaka 1860 katika kijiji cha wachimba makaa cha Cwmbach, karibu na Aberdare. Kijiji hicho kimetengana na Merthyr kwa mlima mmoja tu. Watoto wa mwaka 1831 walikuwa wamekuwa watu wazima.

Namna kibati kilivyofanya kazi

Mgao wa faida ulileta taabu moja ya kihesabu. Ikiwa kila mtu atapewa kwa kadiri ya manunuzi yake, hapana budi manunuzi yake yote yajulikane, hata yale ya nusu peni ya chumvi. Vyama vingi viliondoa taabu hiyo kwa kutumia kibati. Mama alifika dukani, akanunua vitu vya shilingi tatu na peni nne, akalipa fedha halali. Pamoja na vitu vyake muuzaji alimpa vibati vya shilingi tatu na peni nne, kila kimoja kikiwa na jina la chama. Palikuwa na vibati vya nusu peni, vya peni, vya shilingi, na vikubwa vya pauni, na maumbo na madini yalitofautishwa ili mkono uvitambue hata gizani. Nyumbani vilitiwa katika kopo au mfuko na kuwekwa mahali pa salama.

Mwisho wa robo mwaka wanachama walivirudisha. Wajumbe wa kamati, ambao mchana walikuwa shimoni, walikaa jioni wakavihesabu na kuandika jumla ya kila mwanachama. Kisha mkutano ulitangaza mgao. Shilingi mbili kwa kila pauni lilikuwa jambo la kawaida. Tuchukue mfano wa nyumba iliyotumia pauni moja kwa juma. Katika majuma 13 ilikuwa imetumia pauni 13, basi mgao wake ulikuwa shilingi 26, yaani pauni moja na shilingi sita, kwa kuwa pauni ya siku hizo ilikuwa na shilingi 20. Fedha hizo ziliweza kuchukuliwa au kuachwa katika akaunti ya mwanachama zikawa mtaji. Kwa watu wengi ndizo zilizonunua viatu vya watoto. Haba na haba hujaza kibaba. Na hapa kibaba kilikuwa cha mwenye haba.

Utazame basi msomaji jinsi kitu kilekile kilivyogeuka. Kwa umbo, kibati cha kampuni na kibati cha ushirika vingeweza kulala katika mfuko mmoja na mtoto asivitofautishe. Lakini cha kwanza kilitolewa badala ya fedha, nacho kilikuwa ushahidi wa deni la mfanyakazi kwa duka. Cha pili kilitolewa juu ya fedha iliyokwisha kulipwa, nacho kilikuwa ushahidi wa deni la duka kwa mfanyakazi. Na aliyetaka kujua kama hesabu ni sawa alikuwa na haki ya kusimama mkutanoni na kuuliza.

Utaratibu huo haukukosa kasoro. Vibati vilikuwa vizito, vilipotea, vilighushiwa, na watu wasio wanachama walivikusanya na kuviuza. Kwa hiyo vyama vingi baadaye vilitumia karatasi yenye nakala, ambayo muuzaji aliandika juu yake kiasi cha manunuzi na nambari ya mwanachama. Watoto waliotumwa dukani walikaririshwa nambari hiyo ya mama yao kabla ya kutoka mlangoni, na wengi waliikumbuka mpaka uzee wao. Lakini vibati havikutoweka. Vilibaki kwa maziwa na mikate: mama alivinunua dukani kabla, na usiku akakiacha kimoja mlangoni pamoja na chupa tupu, ili mwenye kuleta maziwa alfajiri asihitaji kuamsha watu wala fedha isilale nje.

Wanawake na daftari

Nimemtaja mama mara nyingi, wala si kwa bahati. Mgodini palikuwa mahali pa wanaume, na sheria ya mwaka 1842 ilikuwa imewakataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi. Dukani ndipo mke wa mchimbaji alipokutana na uchumi wa kijiji uso kwa uso. Vyama vingi vya ushirika vilimruhusu mwanamke kuwa mwanachama kwa jina lake mwenyewe, na Rochdale walifanya hivyo wakati ambapo sheria ya nchi ilihesabu mali ya mke kuwa ni ya mumewe. Hali hiyo ilirekebishwa na sheria za mwaka 1870 na 1882.

Mwaka 1883 wanawake wa ushirika waliunda umoja wao. Walianza kwa mazungumzo ya upishi na ushonaji, lakini hawakuishia hapo. Serikali ilipoanzisha mafao ya uzazi katika bima ya taifa ya mwaka 1911, fedha ilikuwa ikilipwa kwa mume. Umoja huo ulipigania jambo hilo, na mwaka 1913 sheria ikabadilishwa ili fedha hizo ziwe mali ya mama mwenyewe. Waliokwisha zoea kuuliza hesabu dukani hawakuona ajabu kuiuliza serikali.

Mizani ya mgodini

Fikira hii ya kuishika hesabu haikuwa ya dukani peke yake. Mchimbaji alilipwa kwa uzito wa makaa, naye alitia alama yenye nambari yake juu ya kila kigari alichokijaza, ili kijulikane kikifika juu. Lakini aliyepima alikuwa mtu wa kampuni. Baada ya mapambano marefu, sheria ya mwaka 1860 iliwapa wachimbaji haki ya kumteua mpimaji wao wasimame pamoja penye mizani. Mpimaji huyo, aliyelipwa na wachimbaji wenyewe, mara nyingi alikuwa mtu wa kuheshimiwa kuliko wote kijijini, na katika vijiji vingi watu wa namna hiyo ndio walioonekana tena katika kamati ya chama cha wafanyakazi na kamati ya duka.

Palikuwa pia na kibati cha taa, kilichoonyesha nani ameshuka shimoni na bado hajapanda. Siku za kawaida hakuna aliyekifikiri. Lakini tarehe 14 Oktoba 1913 mlipuko wa Senghenydd uliua wachimbaji 439, na katika misiba ya namna hiyo vibati visivyorudi ndivyo vilivyowaambia watu juu ni akina nani wa kungojewa.

Mwaka wa njaa

Kijiji cha Ynysybwl, karibu na Pontypridd, kilikua kwa sababu ya mgodi mmoja, Lady Windsor, uliofunguliwa katika miaka ya 1880. Chama chake cha ushirika kilianzishwa mwaka 1889. Mchimbaji aliyekuwa kiongozi wake kwa miaka mingi, William Hazell, ndiye aliyeandika historia yake, iliyotolewa mwaka 1954.

Jaribu kubwa la vyama hivi lilikuja mwaka 1926. Mwezi wa Mei wenye migodi waliwafungia wachimbaji milango kwa sababu walikataa ujira mdogo zaidi na saa nyingi zaidi. Vyama vingine vya wafanyakazi viliwaunga mkono kwa siku tisa, kisha vikarudi kazini. Wachimbaji walibaki peke yao mpaka karibu na mwisho wa mwaka.

Kanuni ya ushirika ilisema fedha taslimu, bila mkopo. Ilikuwa kanuni ya hekima, maana duka hilo lilizaliwa ili kuvunja minyororo ya deni. Lakini sasa wanachama wote walikuwa hawana kitu, na kamati ya duka ilikuwa ni wao wenyewe. Wafanye nini? Kushika kanuni ni kufunga mlango mbele ya watoto wao. Kuivunja ni kuhatarisha akiba ya miaka 40. Vyama vingi vya makaa viliivunja. Vilitoa unga na mikate kwa mkopo mkubwa, na wanachama wakala hisa zao wenyewe mpaka nyingi zikaisha.

Wachimbaji walishindwa mwaka huo, wakarudi kwa ujira mdogo. Madeni yalilipwa kwa miaka mingi, na katika ukosefu wa kazi uliofuata vyama kadhaa vilianguka. Kile cha Ynysybwl kilisalimika, kikapokea vyama jirani vilivyokuwa vikizama. Waliokuwa wakidai na waliokuwa wakidaiwa walikuwa majina yaleyale katika daftari lilelile. Deni la namna hiyo ni zito, lakini halina mtu wa kumtishia mwenziwe kwalo.

Mwisho wa vibati

Baada ya Vita Kuu ya Pili ushirika ulikuwa na nguvu, lakini miaka ya 1950 na 1960 ilileta maduka makubwa ya kujihudumia yaliyouza kwa bei ya chini. Mgao ulipungua mwaka hata mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1960 vyama vingi viliuacha vikatoa stempu za kubandika kitabuni. Mwaka 1971 Uingereza iliacha shilingi na peni za kale, na vibati vya zamani vikapoteza hata lugha yake. Vyama vidogo vilimezwa na vikubwa, na kamati zilizokutana kijijini zikahamia mbali. Kisha migodi yenyewe ikafa. Baada ya mgomo wa mwaka 1984 hadi 1985 ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na Lady Windsor ukafungwa mwaka 1988.

Hata hivyo fikira haikufa pamoja na chombo chake. Mwaka 1994 serikali iliufunga mgodi wa Tower huko Hirwaun, katika bonde lilelile la Cwmbach. Wachimbaji 239 walitoa kila mmoja pauni 8,000 kutoka katika malipo yao ya kuachishwa kazi, wakaununua, na mwanzoni mwa mwaka 1995 wakaingia humo kama wenyewe. Waliuendesha mpaka mwaka 2008, makaa yalipokwisha.

Maneno yetu wenyewe

Kiswahili kina kumbukumbu yake ya mambo haya. Neno kipande, ambalo mwanafunzi hulijua kama sehemu ya kitu, lilikuwa katika mashamba ya wakati wa Wajerumani kadi ya siku 30 za kazi. Mfanyakazi alilipwa kadi ikijaa. Katika Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuchukua kipande ndani ya kikebe cha bati shingoni, na mwajiri ndiye aliyeandika humo. Neno posho lilikuwa chakula alichopimiwa mfanyakazi na bwana wake. Na katika migodi ya shaba ya Katanga, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kazini, sehemu ya ujira ilikuwa ni posho. Baba zetu hawakuhitaji kufundishwa habari za Merthyr.

Nasi tumekuwa na ushirika wetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda muungano wa vyama vyao mwaka 1933, nao ukasomesha watoto wengi. Lakini mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivunja miungano ya vyama vya ushirika, na mwaka huohuo ikaendesha Operesheni Maduka, ili duka la kijiji lichukue nafasi ya duka la mtu binafsi. Lengo lilisemwa kuwa ni lilelile la Cwmbach, yaani kumwondoa mwenye kupunja. Tofauti ni kwamba amri ilitoka juu, na katika vijiji vingi wanachama hawakuliona daftari. Miungano ilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982.

Walimu wenzangu, tukirudi darasani na methali yetu, nadhani inafaa tumwulize mwanafunzi maswali mawili zaidi: daftari liko kwa nani, na je, mwenye mali aweza kulifungua? Mama wa Ynysybwl, aliyemimina vibati vyake mezani mwa kamati mwisho wa robo mwaka na kungoja vihesabiwe mbele ya macho yake, alikuwa na jibu la yote mawili.